Fumanizi la Alhamisi

Siku Hamira alipokwenda kumfumania mumewe, alimchukua mama mkwe awe shahidi.

Alikuwa ameamka na hasira iliyomtosha badala ya chai. Kwenye duka lake la mikate aliukanda unga wa asubuhi kwa ngumi, mpaka mwenzake wa jikoni akamwambia, "Punguza, mwenzangu. Huo ni unga, siyo mtu." Jina la Hamira alipewa na mumewe mwenyewe enzi za uchumba, kwa sababu alinukia hamira tangu nywele hadi viganja, na kwa sababu, kama mumewe alivyopenda kusema, akiguswa kidogo tu anaumuka. Watu walilipenda, likashika. Mume naye aliitwa Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Alikuwa fundi wa lifti, mwanamume mpana, na wenzake kazini waliapa kwamba aliwahi kuushikilia mlango wa chuma kwa mikono miwili mpaka mtu aliyekwama ndani akatolewa. Hamira aliyapenda yale mabega kabla hajapenda kingine chochote kwake, na wala hakuona haya kulisema.

Sasa mabega hayo yaligeukia ukutani kila walipolala.

"Nimechoka," ndilo lililokuwa neno lake. Hamira akimgusa, amechoka. Akimuuliza kulikoni, amechoka. Alinunua gauni jipya la kulalia, la rangi ya zambarau, akapita nalo mbele yake makusudi kama mara tatu akijifanya anatafuta chanuo. Winchi alisema, "Limekukaa vizuri," akafumba macho.

Mwanzoni alidhani ni kazi. Halafu zikaja Alhamisi. Kila Alhamisi shati limepigwa pasi, simu imezimwa, na jibu ni lilelile: kuna lifti korofi katika jengo moja nyuma ya posta, lazima ikaguliwe kila wiki. Kisha jirani akaja dukani kununua mkate, akauminyaminya bila sababu, na hatimaye akatema lililomleta. Alikuwa amemwona Winchi akipanda ngazi za jengo hilo bega kwa bega na mwanamke mrefu mwenye miwani. Walikuwa wanacheka.

Hilo peke yake Hamira angelimeza. Asichoweza kumeza ni mama mkwe. Mama huyo hakuwahi kumwita tasa usoni, maana alikuwa na njia zake. "Nyumba yenu kimya sana," alikuwa akisema huku akizungusha macho sebuleni. Au, "Mwanangu nilimzaa mzima. Sijui kilimpata nini alipooa." Wiki iliyopita aliacha hata kuzunguka. Akiwa mezani kwa Hamira, akitafuna mkate wa Hamira, alisema amempata binti mmoja mtulivu, wa rafiki yake, na kwamba mwanamume ana haki ya kuitwa baba. Winchi alikuwepo. Alitazama sahani yake.

Ndipo Hamira alipompigia mama mkwe simu, akamwambia, "Mama, kabla hujamtafutia mwanao mke wa pili, njoo nikuonyeshe kwamba ameshajitafutia mwenyewe."

Mama mkwe alikuja, tena na wifi juu, maana shahidi mmoja alimwona hatoshi. Wifi alikuwa na mimba kubwa. Alipouona urefu wa ngazi aliketi kwenye benchi la chini, akasema wao watangulie, yeye atasikia kelele kutoka hapo hapo.

"Lifti iko wapi?" aliuliza mama mkwe.

"Jengo hili halina lifti, mama. Halijawahi kuwa nayo. Nilimuuliza bawabu."

Mama mkwe alizitazama ngazi zikipinda kwenda juu. Kwa mara ya kwanza tangu Hamira amfahamu, alikosa la kumtetea mwanawe.

Ghorofa ya tatu kulikuwa na mlango wa kioo, na ndani yake mabenchi mawili yaliyojaa wanaume peke yao, kila mmoja akiwa ameinamia simu yake kama aliyekatazwa kumtazama mwenziwe. Kibao kilikuwepo ukutani, kikubwa tu, lakini mtu mwenye hasira hasomi vibao. Mama wa mapokezi aliinuka. "Dada, samahani, mna miadi?" Hamira hakumsikia. Alichosikia ni sauti ya mumewe kutoka chumba cha ndani.

"Taratibu basi. Unaniumiza."

Na sauti ya mwanamke, ikiwa haina hata haraka. "Ungekuja kwangu kabla hujaenda kwa wengine, usingeumia. Lala hivyohivyo."

Hamira alikishika kitasa akaingia, mama mkwe nyuma yake. Maneno alikuwa ameyatayarisha tangu juzi, yamenolewa pande zote mbili, na aliyasema yote kabla macho yake hayajamweleza anachokiona.

"Kwa hiyo lifti yenyewe ndiyo hii. Ndefu, ina miwani. Na wewe, bibie, hukuona wanaume wengine mji mzima ila huyu wangu, ambaye nyumbani hata kugeuka kitandani ni kazi? Mimi nakaa nahesabiwa kasoro na mama yake, kumbe nguvu zake zinamalizikia ghorofani kwako. Mama, ingia. Ingia uone mwanao alivyo mzima."

Kisha akaona. Winchi alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda chembamba cha ngozi, suruali imeshushwa hadi nyongani. Mwanamke mrefu alikuwa amevaa glavu. Mkono mmoja ulishika pamba, mwingine ulikuwa unaminya uvimbe mwekundu mkubwa kama yai, na harufu iliyokuwa chumbani haikuwa ya manukato hata kidogo.

"Funga mlango," alisema yule mwanamke bila kuinua kichwa. "Ukae ndani au nje, hilo si shauri langu, lakini ufungwe. Nina jipu wazi hapa na nje kuna watu."

Aliyeufunga ni mama mkwe. Wote wawili wakabaki ndani, wakimtazama daktari akimaliza kutoa usaha, akasafisha, akafunga bandeji. Winchi hakugeuka. Hamira aliona shingo yake tu, imelowa jasho, na alishangaa kuona ilivyokonda.

"Ni nini hiki?" aliuliza.

"Mimi sizungumzi habari za mgonjwa wangu," alisema daktari akivua glavu. "Mwenyewe yupo. Ana mdomo."

"Sina hakika kama anao," alisema Hamira. "Nyumbani sijausikia mwaka mzima."

Winchi aliketi polepole, akafunga mkanda. Alimtazama mama yake, akaona hapafai, akaangalia sakafu.

"Nimepungukiwa na homoni," alisema.

"Homoni gani?"

"Ile ya kiume. Testosteroni. Nimepimwa damu asubuhi mara mbili. Iko chini sana. Ndiyo maana uchovu. Ndiyo maana…" Akafuta jasho shingoni. "Ndiyo maana mengine yote."

Mama mkwe alicheka kicheko kifupi, cha kukataa. "Mwanangu? Huyu aliyeanza kuota ndevu wenziwe bado wanacheza gololi? Daktari, angalia vizuri karatasi zako. Utakuwa umempa majibu ya mtu mwingine."

"Ndevu za ujanani hazizuii kitu, mama," alisema daktari. "Wamejaa hapo nje, na wengi wana ndevu kumzidi mwanao." Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Na jipu?" aliuliza Hamira. "Jipu nalo ni homoni?"

Winchi aliipapasa bandeji. Daktari alikunja mikono kifuani, akasubiri, na ilionekana kwamba kwa jambo hili yeye naye alikuwa na hasira zake.

"Kuna mtu," alisema Winchi hatimaye. "Amepanga chumba juu ya duka la rangi. Anasema anapandikiza seli. Seli changa. Ukichomwa zinakwenda kukaa pale pale zinapotakiwa, zinaanza kutengeneza homoni upya, unarudi ulivyokuwa ukiwa na miaka ishirini. Rafiki yangu kazini ndiye aliyenipeleka. Alinichoma hapa. Siku ya pili nikaanza kutetemeka."

"Na ulipotetemeka ukaniambia ni mafua," alisema Hamira. "Nikakuchemshia tangawizi."

"Nilikunywa."

"Sikuulizi kama ulikunywa."

Daktari alimgeukia Winchi. "Naruhusiwa kusema?"

"Sema tu, daktari. Sina tena cha kuficha."

"Basi sikilizeni, maana nimeshamwambia huyu na akanipuuza. Katika korodani za mwanamume kuna seli ambazo kazi yake ni kutengeneza homoni hii. Ni kweli watafiti wanajaribu kuzikuza maabara kutokana na seli shina, zile zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, ili siku moja wazipandikize kwa mtu ambaye zake zimekufa. Kwa panya wameona matumaini. Kwa binadamu safari bado ndefu, na hakuna mtu anayeziuza kwa halali juu ya duka la rangi. Alichochomwa mumeo sikijui. Kingeweza kuwa maji machafu."

Winchi aliinamisha kichwa zaidi.

"Tena kinachoniudhi," aliendelea daktari, "ni kwamba hata tiba hiyo ingekuwa tayari leo, isingekuwa yake. Seli zake hazijafa. Vipimo vinaonyesha hazipati amri kutoka kwenye ubongo, ndiyo maana nataka apigwe picha ya kichwa tujue sababu. Na nilimkatalia sindano za homoni yenyewe kwa sababu aliniambia mnataka mtoto, na sindano hizo zinaweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu. Kuna dawa nyingine, ya kuziamsha seli zake mwenyewe. Inachukua miezi. Yeye akaona miezi ni mingi."

Neno mtoto lilimpata Hamira mahali pabaya. Alitafuta kiti, akakaa.

"Ulimwambia daktari kwamba tunataka mtoto," alisema. "Mimi ulikuwa huniambii hata umeamkaje."

"Hamira."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya mwaka mpya."

"Kwa hiyo wiki iliyopita, mama alipokaa mezani kwangu akanitajia yule binti, nami nimemkatia mkate kwa mkono wangu huu, wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukafanya nini?"

Winchi alifikiri, na kwa kuwa hakuwa na uongo uliobaki, akasema ukweli. "Nilikula."

Hamira alitamani kumrushia kitu. Juu ya meza kulikuwa na kopo la pamba tu, akaliacha.

"Unadhani ilikuwa rahisi?" alisema Winchi, na sasa sauti yake nayo ilipanda. "Wote mnaniita Winchi. Kila asubuhi kazini wananiachia upande mzito, wanasema huo ni wa Winchi. Nabeba, nikifika ndani ya shimo la lifti najiegemeza ukutani nahema kama mzee. Ningemwambia nani? Ningekuambia wewe uliyenipenda kwa mabega?"

"Usinigeuzie mimi."

"Sikugeuzii. Nakuambia ilivyokuwa. Unadhani niliacha kukutaka. Lile gauni la zambarau nililiona, Hamira. Nilikuona ukipita na chanuo liko kichwani kwako. Nilikutaka mpaka nikaumwa kichwa. Mwili ndio haukuitika. Nikalala pale natafuta ndani yangu kama mtu anayepapasa swichi gizani kwenye nyumba ya kupanga, sijui iko ukuta gani. Kumwambia mke wangu nimechoka ilikuwa nafuu kuliko kumwambia nimekwisha."

Daktari aligeukia dirishani akajifanya anapanga vichupa. Hamira alihisi machozi yakimpanda puani na akayachukia, kwa sababu hayakuwa ya hasira tupu. Kwa muda kidogo alitaka kuinuka amshike ile shingo iliyokonda. Kisha akakumbuka ile sahani, na jinsi Winchi alivyoitazama.

Mama mkwe ndiye aliyefuata kusema. Alikuwa amesimama muda wote, mkoba kifuani, na uso wake ulikuwa umeshapiga hesabu.

"Haya," alisema. "Tumesikia. Yaishie humu humu. Mwanangu atatumia dawa, atapona, hakuna atakayejua. Na wewe, mkwe wangu, utavumilia. Watu wameshazoea kusema tatizo ni lako. Waache waendelee. Mwanamke akisemwa hivyo anaonewa huruma. Mwanamume akisemwa hivyo amekufa."

"Yaani niendelee kuwa tasa kwa niaba ya familia," alisema Hamira.

"Nani amekuita tasa? Mimi sijawahi kutamka."

"Hujatamka, mama. Ulikuja nalo kila Jumapili, ukaondoka umeliacha kwenye kochi."

"Usinijibu hivyo. Mimi nimezaa."

"Ndiyo. Umezaa huyu."

Hamira alimtazama mumewe. Ilikuwa zamu yake, na kila mtu chumbani alijua, hata daktari na mgongo wake. Winchi alifungua mdomo. Macho yake yalikwenda kwa mama, yakarudi. Akafunga mdomo.

Hamira aliinuka. "Daktari, samahani kwa maneno niliyokutolea. Hukustahili hata moja." Akapita katikati ya wanaume wa mabenchini, ambao kwa hakika walikuwa wamesikia kila kitu, akashuka ngazi haraka, mkono mmoja ukutani maana macho hayakuwa yanaona vizuri.

Chini, wifi alijivuta kutoka kwenye benchi kwa hamu. "Vipi, mmemkamata? Ni nani? Namjua?"

Hamira alijifuta macho. Kabla hajamjibu, mama mkwe alishafika, anahema, na Winchi nyuma yake akichechemea, anajishika nyonga.

"Hakuna mwanamke yeyote," alisema mama mkwe. Bawabu alikuwa anafagia pale karibu, na mama wawili walikuwa wanapita na vikapu, lakini hakupunguza sauti. Kinyume chake, aliiongeza. "Ni hospitali. Kaka yako, masikini, amekuwa akija kumtafutia mkewe tiba kwa siri asimwaibishe. Daktari amesema wazi, huyu ndiye asiyezaa."

Ufagio wa bawabu ulisimama.

Hamira alimgeukia mama mkwe akiwa hata hajakasirika bado. Alishangaa tu, kama mtu aliyepigwa kibao na mgeni barabarani. Wifi alishika tumbo lake kwa mikono miwili na kumtazama kwa ile huruma Hamira aliyoahidiwa ghorofani. Ilikuwa mbaya kuliko alivyofikiri.

"Kumbe," alisema wifi taratibu. "Pole, wifi yangu."

"Siyo yeye."

Sauti ilitoka nyuma. Winchi alikuwa ameshikilia chuma cha ngazi, uso umemwiva kwa homa au kwa aibu.

"Nyamaza, mwanangu," alisema mama. "Unaumwa."

"Ndiyo, naumwa. Ndicho ninachosema." Alimtazama dada yake. "Siyo yeye asiyezaa. Ni mimi. Homoni yangu ya kiume iko chini, na nimemwacha mke wangu alibebe hilo huku nakaa naangalia. Mama anajua. Amejua sasa hivi, juu. Na yule binti wa rafiki yake msimsumbue, atakuja kufanya nini kwangu?"

Mmoja wa wale mama wenye vikapu alijikuta amesimama, akaona haya, akaendelea na safari yake.

Mama mkwe alimtazama mwanawe kama aliyemwona akivua nguo sokoni. "Umejimaliza," alisema kwa sauti ndogo. "Mbele ya bawabu. Kesho mji mzima unao." Akamshika binti yake mkono. "Twende. Na mimi kwenye nyumba yenu msinitarajie."

Aliondoka bila kugeuka, na wifi akaburutwa nyuma yake, akigeuka kila hatua.

Wakabaki wawili. Winchi alishuka ngazi mbili za mwisho, akanyoosha mkono kuushika wa Hamira. Hamira akaurudisha wake nyuma.

"Usiniguse."

"Nimesema mbele ya watu."

"Umesema baada ya mama yako kuniua. Ungesema kule juu nisingelazimika kufa kwanza." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Mwaka mzima, mume wangu. Nimejitazama kwenye kioo mwaka mzima natafuta kilichokuchosha. Hilo huliondoi kwa maneno mawili hapa kwenye ngazi."

"Najua."

"Hujui. Leo nalala kwa dada yangu. Kesho pia. Usije kunibembeleza dukani, nitakutoa mbele ya wateja."

"Sawa."

"Na usiniambie sawa."

Winchi alisimama pale, mkubwa, amepinda upande kwa sababu ya jipu, na hakujaribu kujinyoosha ili aonekane. Hamira aliona jasho likimshuka kwenye sikio. Alikuwa na kitambaa kwenye mkoba wake. Hakukitoa. Alivuka baraza mpaka kwenye jua, akatembea hadi ukingo wa barabara, akasimama na mgongo wake kwa mumewe huku magari yakipita. Nafasi ya kuvuka ilipatikana mara moja, mara mbili. Hakuvuka. Aligeuka.

"Alhamisi ijayo anakutaka saa ngapi?"

Winchi alichelewa kuelewa. "Saa nne."

"Nitakuja."

"Hamira…"

"Sijakusamehe," alisema. "Usije ukajidanganya njiani kwamba nimekusamehe. Nakuja kumsikiliza daktari kwa masikio yangu, kwa sababu mdomo wako siuamini tena. Nitakaa kiti cha mbali."

Akavuka barabara.